Ramani Niliyokuficha

Zaituni, binti yangu,

Umekwenda kijijini Ajia kumuaga bibi yako, mama yako yuko jikoni anakukaangia simsim, ufuta wa safari, na mimi nimebaki sebuleni na sanduku lako jipya. Nimelizunguka mara mbili. Lina magurudumu. Mwaka sabini na tisa nilipotoka Koboko kukimbia vita kwenda Zaire nilikuwa na mwiko wa uashi kiunoni, wewe mkono wa kushoto, na mtungi wa maji mkono wa kulia, na hakuna aliyetusindikiza kwa sababu kila mtu alikuwa anakimbia. Sasa nimekaa hapa, mzee mzima, ninakuonea wivu kwa ajili ya magurudumu ya sanduku.

Habari za sweta, za vidonge, za kutompa mtu pasipoti yako hata akuchekee namna gani, mama yako amekuambia hadi umeanza kumjibu kabla hajamaliza. Sitarudia. Mimi nina jambo moja tu. Ni baya, nimelifanya mimi, na aliyeumia ni wewe. Ukishalisoma huenda hutataka nikusindikize kesho stendi. Hilo ndilo ninaloliogopa, kuliko hata hiyo ndege utakayopanda kwenda Kanada.

Nitalisema. Lakini nikilisema hivi hivi utadhani ni wazimu wa siku moja. Siyo. Ni ugonjwa wangu wa zamani, na wa kwanza kuumia kwa ajili yake alikuwa mjomba wako Andama.

Unamkumbuka Andama tuliyeishi naye Zaire, ndugu wa ukoo wa mama yako, aliyekufundisha kuhesabu kwa kokoto. Tulikuwa tunajenga pamoja shule ya misheni. Yule bruda Mzungu aliyesimamia kazi alikuwa anatandaza ramani juu ya pipa, na sisi waashi tunaizunguka. Mimi niliona mistari. Andama aliona nyumba. Alikuwa anainama mara moja tu, anaweka kidole: "Hapa iko mulango. Hapa maji nashuka." Bruda akacheka kwa furaha, akatoa penseli mfukoni mwake akampa.

Penseli moja, Zaituni. Niliichukia ile penseli kama mtu. Mkono wangu ulikuwa mzuri kuliko wa Andama, na kila mwashi pale alijua. Ukuta wangu ungeweza kuupima hata leo. Lakini nani aliwahi kumpa penseli mtu kwa sababu ya mkono wake?

Nikaanza kubaki nyuma wenzangu wakienda kula, naikodolea macho ile ramani mpaka mistari ikakubali kuwa kuta. Hakuna aliyenifundisha. Wivu ulinifundisha, na kwa sababu ulinifundisha kazi nikauamini kwa miaka mingi, nikadhani ni rafiki.

Tuliporudi sote kutoka Zaire, mji wa Arua ulikuwa magofu yaliyoota majani, na kila mwenye uwezo alitafuta mwashi. Tajiri mmoja, simtaji, alitaka kujenga hoteli kule chini mtaa wa Oli, yenye bwawa la kuogelea, kwa sababu alikuwa ameliona moja Kisangani na hakutaka kulisahau. Akatuita wote wawili. Akatuuliza nani anasoma ramani. Kabla sijafungua mdomo, Andama alikuwa ameshatoa penseli nyuma ya sikio. Basi yeye akawa fundi mkuu, mimi nikawa chini yake, na mama yako siku hiyo akapika kuku kwa ajili ya ndugu yake, nyumbani mwangu, kwenye sahani zangu.

Alifanya kazi safi. Nilitafuta kosa kila siku na sikulipata. Nondo zilinyooka, mchanga aliuosha mara mbili, zege alilimwagia maji asubuhi na jioni kama mtu anayemnywesha mgonjwa. Bwawa likajazwa, likakaa wiki kadhaa, maji yakaanza kuwa kijani. Ikakaribia harusi ya binti wa tajiri, nayo ikaangukia katikati ya mvua za Agosti.

Unajua mama zetu walivyo. Mgeni hapewi maji yaliyolala. Mtungi unamwagwa wote, unasuguliwa kwa mchanga na majivu, unajazwa upya, hata kama ulijazwa jana. Mama wa yule tajiri akaja na fimbo yake, akaliangalia bwawa kwa macho yale yale anayoangalia mtungi.

"Wageni nakuja, halafu nyinyi nawapatia maji ya zamani? Hapana! Mutoe yote. Musugue mpaka chini."

Mimi nilijua. Nataka ulielewe hilo vizuri, sikukisia, nilijua. Nilikuwa naishi Oli. Mwezi wa Agosti ukichimba choo pale, maji yanakukuta kabla shimo halijafika kiunoni. Na miezi michache nyuma nilikuwa nimezika pipa tupu uani nilowekee chokaa. Ikanyesha siku tatu, asubuhi nikakuta pipa limepanda lenyewe, limekaa juu ya udongo kama kuku anayeatamia. Bwawa tupu ni pipa tupu. Maji yaliyomo ndani ndiyo yanayolikalia lisiinuke. Ukiyatoa wakati maji ya ardhini yamejaa, umelifungulia mlango liondoke.

Andama alikuwa mtu wa Ajia, kwenye udongo mwekundu, mkavu, ambako kisima kinachimbwa mpaka mchimbaji anasahaulika. Lakini hakuwa mjinga. Kitu kilimsumbua. Akanifuata nilipokuwa nachanganya saruji.

"Juma, wewe nakaa hapa Oli. Naona namna gani? Tunaweza toa hii maji sasa, na mvua iko namna hii?"

Nikamjibu kwa upole kabisa: "Wewe ndiyo fundi mukubwa. Mimi nabeba zege tu."

Akanitazama kidogo, akaenda kuwasha pampu. Ndani nilikuwa nacheka.

Asubuhi ya siku ya pili, upande wa kina kirefu ulikuwa umeinuka kutoka ardhini hadi gotini kwangu. Vigae vimepasuka, mabomba yamekatika, na bwawa zima limelala kiubavu. Watu walitoka sokoni kuja kuangalia. Mama mmoja muuza mandazi akasema kwa sauti, "Hii iko bwawa ama mutumbwi?" na hapo ndipo mjomba wako alipopata jina lake jipya. Andama Mtumbwi. Watoto waliimba. Wanaume waliomwamkia juzi wakawa wanamuuliza kama ana kasia. Baada ya mwezi hakuna mtu Arua aliyempa hata choo cha kuchimba. Akachukua baiskeli yake akaenda Koboko, akafungua sehemu ya kuziba pancha.

Tajiri akanipa mimi kazi ya kulivunja bwawa. Nilipiga nyundo wiki mbili, Zaituni, na lile zege lilikataa. Lilikuwa zuri mno. Lisingekuwa zuri lingevunjika palepale chini ya ardhi na kubaki huko. Liliinuka zima kwa sababu lilikuwa zima. Nililipiga kwa hasira, maana kila nyundo iliporuka ilikuwa inamsifu yeye.

Wewe ulikuwa sekondari pale Mvara. Ukaniuliza kwa nini mjomba haji tena. Nikakuambia ana kazi nyingi.

Miaka kadhaa baadaye nilikutana naye soko la Koboko. Mikono ina oili, amekonda. Akafurahi kuniona, akaniletea kiti, akauliza habari yako, kama bado unasoma hesabu. Halafu akasema, bila mimi kumuuliza, "Ile kazi, Juma, mimi bado nafikiria. Labda muchanga ilikuwa na udongo. Labda saruji nilipima mubaya." Nikanywa chai yake. Nikasema, "Labda." Nikapanda gari nikarudi Arua.

Sasa nije kwako.

Ulipoingia chuo huko Kampala nilitangaza msikitini, nilitangaza stendi, hata kwa watu nisiowapenda nilitangaza. Binti yangu anasomea uhandisi wa ujenzi. Halafu ukarudi likizo ya kwanza, na kila sentensi ilikuwa "Profesa alisema." Profesa alisema kuhusu udongo. Profesa alisema kuhusu nondo. Miaka yote nimekubeba kwenye mabega kati ya kuta nilizojenga, na aliyekuonyesha ukuta ni Profesa! Nilikuwa natoka nje kujifanya naangalia mbuzi.

Na likizo ile uliyochukua bakuli la mama yako, ukalisukuma ndani ya beseni la maji. "Baba, ona, linakataa kuzama. Ndivyo bwawa tupu linavyofanya maji ya ardhini yakipanda." Ulikuwa unang'aa usoni. Umelijua kwa saa moja, ubaoni, bila kumpoteza mtu yeyote. Nikasema, "Kumbe!" kama mtu anayelisikia mara ya kwanza. Kisha nikaenda kukaa nyuma ya choo, mtu mzima, na hasira ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka.

Halafu, ulipohitimu, ikaja habari ya Kanada. Hoteli inayojengwa, ambayo mabwawa yake yote yako ndani ya nyumba, chini ya paa moja, kwa sababu nje theluji imejaa. Mto unaozunguka ndani ya jengo. Mashine ya kutengeneza mawimbi. Mabomba makubwa ambayo watoto wanateleza ndani yake kutoka juu hadi majini, wamevaa chupi, huku nje maji yamekuwa mawe. Mama yako akauliza, "Na huko mto wa Mungu hakuna?" Tukacheka sote. Ukaandika maombi ya kazi. Ukasubiri. Na barua ya kwanza, kama unavyojua, ilipotea posta.

Haikupotea. Niliichukua mimi.

Siku ile ni mimi niliyepita posta. Bahasha nene, ina stempu zenye majani mekundu, na jina juu yake: Zaituni Juma. Nikajiambia, Juma ni mimi. Nikaifungua barabarani. Kiingereza changu unakijua, lakini nilielewa vya kutosha: wamekuchukua, utakuwa kwenye kikosi cha misingi ya mabwawa, ujibu kabla mwezi haujaisha. Na ndani, imekunjwa mara nyingi, kulikuwa na ramani.

Nilikusudia kukupa jioni ile. Naapa. Nikasema tu niiangalie kwanza mimi. Nikaenda stoo ya vifaa pale shuleni Mvara, ninakofanya ukarabati, nikafunga mlango, nikaitandaza juu ya mifuko ya saruji. Zaituni, sijawahi kuona kitu kama kile. Nilihesabu nguzo, nikakosea, nikahesabu tena. Nilifuata ule mto kwa kidole mpaka ukarudi ulikoanzia. Kisha nikashuka chini ya sakafu, na pale chini ya kila bwawa kulikuwa na tabaka la kokoto, na mabomba yenye matundu ya kuyapokea maji ya ardhini, na vifuniko vidogo vinavyofunguka vyenyewe maji yakisukuma kutoka chini, ili bwawa likiwa tupu lisiinuke. Mtu fulani alikuwa amekaa mezani, akaiwazia Oli bila kuiona, akaandika kwa wino kile nilichokataa kumwambia Andama kwa mdomo.

Nikalia. Halafu nikakuchukia. Nimeandika neno hilo na silifuti. Haikuwa siku nzima, lakini nilikuchukia, mwanangu, kama nilivyoichukia ile penseli. Wewe utasimama juu ya zile kokoto. Wewe utaulizwa, "Mhandisi, unaonaje?" Mimi nitabaki kuziba nyufa za mabweni.

Kesho yake nikasema nitakupa kesho. Nikarudi stoo nikaitandaza tena. Wiki tatu nilifanya hivyo. Ilikuwa yangu, Zaituni, kwa muda ule ilikuwa kazi yangu, nilikuwa nasimamia mabwawa Kanada. Na wewe ulikuwa unakwenda posta kila siku, unarudi mikono mitupu, unakaa pale mlangoni. Siku moja ukasema, "Baba, labda sikutosha." Ningeweza kunyoosha mkono tu. Ilikuwa ndani ya koti langu. Nikasema, "Labda."

Barua ya pili uliichukua mwenyewe. Kwamba hukujibu ya kwanza, kwamba nafasi ya mabwawa wamempa mwingine, kwamba ukitaka bado kuna nafasi kwenye kikosi cha mitaro na maegesho ya magari. Ulifurahi na kulia kwa pamoja. Kisha ukaenda posta, nami nikakufuata, sijui kwa nini nilikufuata. Ulimkabili yule karani mbele ya mstari mzima.

"Barua ya mutu nyinyi nalala nayo? Mimi nimepoteza kazi sababu ya uvivu yenu!"

Naye yule mtu mwema, asiye na kosa lolote, akainamisha kichwa. "Pole, dada. Pole sana. Tutaangalia tena ndani." Akaenda kweli kuangalia. Alitoa magunia, akayakung'uta moja moja. Nilikuwa nyuma yako hatua mbili, na karatasi zikinichoma kifuani, na sikusema kitu.

Ijumaa iliyopita, badala ya kwenda msikitini, nilipanda gari la Koboko. Nikamkuta Andama ameinamia gurudumu. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, pipa la chokaa, Agosti, swali lake na jibu langu. Nilitegemea aninyanyulie spana. Alifuta mikono yake kwa tambara. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea kabisa.

"Kwa hiyo saruji yangu ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa muzuri, Andama. Nilishindwa kuivunja."

"Miaka saba," akasema, "mimi naangalia hii mikono, nasema ndiyo iko mubaya." Akaigeuza, akaitazama pande zote mbili. Hakunikaribisha chai. "Enda nyumbani, Juma. Leo sitaki kukuona."

Nikaenda. Na njia nzima nilikuwa nakufikiria wewe ukiwa huko Kanada, kwenye mitaro yako, unamwangalia yule aliyepewa mabwawa, na kujiuliza ulipungukiwa wapi. Hukupungukiwa. Walikutaka kwa mabwawa. Walikuandikia hivyo, na nimeweka barua hiyo humu pamoja na ramani. Sitakuambia mitaro nayo ni kazi nzuri, ingawa ni kazi nzuri, kwa sababu nikisema hivyo nitakuwa najipunguzia mzigo mwenyewe.

Mashauri sina. Ninalolijua ni hili tu, na nimelijua kwa kuwaumiza watu wawili ninaowapenda. Utaona wivu, wewe ni mtoto wangu, umerithi pua na utarithi na hilo. Utamwonea wivu yule wa mabwawa. Siku moja atakuja ukingoni mwa mtaro wako akuulize kitu, kwa sababu wewe utakuwa unajua maji ya mahali pale yanakwenda wapi na yeye hajui. Mjibu. Mjibu yote, hata kama mdomo unakataa. Ukishindwa kumpenda, mwambie usoni, "Nakuonea wivu," kisha umjibu. Ni aibu ya dakika moja. Mimi nilikwepa ile dakika nikampoteza Andama, na sijui bado kama nimekupoteza wewe.

Nakuonea wivu hata sasa ninavyoandika. Nadhani nitakuonea wivu mpaka nife, na nitakupenda muda huo huo, na sioni tena haja ya kuficha kimoja ili kionekane kingine.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya sweta, uikute ukiwa mbali ambako huwezi kuniangalia. Nimebadili nia. Hiyo ingekuwa ni kunyamaza tena, ila kwa karatasi nyingi. Kwa karani wa posta nitakwenda mwenyewe, mbele ya mstari kama ulivyofanya.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unamuaga. Mama yako amekuita. Ukiingia nitakupa karatasi hizi mkononi, na nitakaa kwenye kiti kinachokuelekea mpaka umalize kusoma. Sitatoka kwenda kuangalia mbuzi. Kama hutaki nikusindikize kesho, sema. Na ukitaka kunitukana, mwanangu, usinitukane kwa Kiingereza. Nataka nielewe kila neno.

Baba yako,
Juma